Kabla ya upasuaji wa kupunguza uzani, mapafu hupimwa kwanza

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya wana uzani uliozidi au unene wa kupindukia. Baadhi yao hushauriwa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Mama mwenye urefu wa mita 1.6 na kilo 90, kwa mfano, tayari yuko katika kiwango ambacho madaktari huanza kulizungumzia.

Wakazi huuliza: tumbo na mapafu vinahusiana vipi? Mafuta ya tumboni na kifuani huibana misuli ya kupumulia. Mgonjwa akilazwa chali na kupewa nusukaputi, sehemu ya chini ya mapafu hujifunga, na oksijeni humwishia upesi kuliko mtu mwembamba. Nasi wa Plateau na Eldoret tunaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambapo kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na Mombasa. Akiba yetu ni ndogo tangu mwanzo.

Jambo linalofichwa zaidi ni kukoroma. Wengi hulionea haya au kulifanyia mzaha, lakini anayekoroma kisha pumzi ikakatika, akashtuka na kuendelea, huenda ana ugonjwa ambao dawa za usingizi na za maumivu huuzidisha baada ya upasuaji. Daktari atauliza kuhusu uchovu wa mchana na shinikizo la damu, na atapima shingo. Inayozidi sentimita 40 ni dalili. Mwenye kulala hajisikii, kwa hiyo nenda kliniki na mwenzio wa chumbani. Ugonjwa ukithibitishwa, mashine ya kusukuma hewa puani usiku husaidia, na upasuaji unaweza kusubiri.

Vipimo vingine ni vyepesi: kifaa cha kidoleni, kupuliza kwa nguvu kwenye mashine ya kupima pumzi ikiwa una pumu au unahema, na pengine picha ya kifua. Taja kama uliwahi kutibiwa kifua kikuu, au umepikia kuni kwa miaka mingi. Mvutaji sigara huambiwa aache angalau wiki nne kabla.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukihitaji uchunguzi zaidi utapewa barua ya rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Beba dawa zote unazotumia, pamoja na kipulizio cha pumu.