Kuwaalika Maafisa wa Meli

Mtu akisimama ufuoni Diani au Msambweni, pengine huona meli kubwa ya watalii ikipita mbali nje ya mwamba, yaelekea Kilindini. Humo abiria waliokwisha kuzoeana hupenda kufanya tafrija yao ndogo, na kumwalika Nahodha na maafisa wake. Desturi hiyo ni njema, ila ina adabu yake.

Katika meli nyingi afisa hushika zamu kwa muda wa saa 4, kisha hupumzika saa 8. Aliyetoka zamu saa 10 alfajiri, ukimgongea mlango asubuhi kumwalika, umemdhulumu usingizi wake. Heri mwaliko uandikwe siku mbili tatu mbele, upelekwe ofisi ya abiria melini, kwani huko ndiko ijulikanako nani ana nafasi. Na meli ikiukaribia mwamba wa pwani yetu, mahali pa Nahodha ni chumba cha usukani. Asipokuja, asidhaniwe ana kiburi. Hata mvuvi wa Msambweni apitapo mlango wa mwamba, nani amwitaye kahawa?

Wala mazungumzo yasimfuate huko. Tarehe 13 Januari 2012 meli Costa Concordia ilisogezwa karibu mno na kisiwa cha Giglio, Italia, ili kukisalimu, na katika chumba cha usukani walikuwamo watu wasio na zamu. Iligonga mwamba; watu 32 wakafa.

Basi afisa akija, asishurutishwe pombe. Huenda zamu yake yaanza saa 2 usiku, apewe chai.