Umri wa Miguu

Kila anapoibuka kijana wa miaka 19 au 20 akawashinda watu wazima katika mbio kubwa za baiskeli za Ulaya, wapenzi wa mchezo huo hawakawii kuifungua sahifa ya Eddy Merckx wa Ubelgiji na kupima, mwaka kwa mwaka, nani alitangulia kupata nini. Merckx, aliyezaliwa Juni 1945, alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1964, akashinda Milano-Sanremo mwaka 1966 akiwa na miaka 20, na mwaka 1969 akaingia Tour de France kwa mara ya kwanza na kuitwaa. Ulinganishi huo una ladha yake, wala simlaumu anayeufanya. Lakini ukifanywa kwa tarehe ya kuzaliwa peke yake humdhulumu kijana, na bingwa naye haumwachi salama, maana mwili hauhesabu miaka kama cheti kinavyoihesabu.

Mtazame Miguel Indurain wa Uhispania. Aliingia Tour ya 1985 akaiacha njiani, akairudia 1986 akaiacha tena. Mwaka 1987 alimaliza akiwa wa 97, mwaka 1988 wa 47, mwaka 1989 wa 17, mwaka 1990 wa 10, kisha akashinda mara 5 mfululizo, tangu 1991 hata 1995. Katika Tour ile ya 1988 Indurain alitimiza miaka 24, umri uleule ambao Merckx alikuwa nao alipofika Paris na jezi ya njano ya mshindi, na msomaji wa matokeo ambaye angewaweka wawili hao katika mizani siku hiyo angeapa kwamba hawana nasaba moja ya mchezo. Asichokiona katika ile nambari 47 ni kwamba Indurain alikuwa msaidizi wa Pedro Delgado, aliyeshinda Tour mwaka ule, na kazi ya msaidizi ni kukata upepo mbele ya bwana wake mpaka nguvu zimwishie, kisha afike kileleni kwa wakati wowote atakaojaaliwa.

Wataalamu wa elimu ya mwili hutaja mambo matatu yanayomjenga mwendesha baiskeli wa masafa: kiasi cha juu kabisa cha oksijeni anachoweza kukitumia, sehemu ya kiasi hicho anayoweza kuishikilia kwa muda mrefu misuli isilemewe, na wepesi wa kuigeuza nishati kuwa mwendo. Jambo la kwanza kwa sehemu kubwa ni la kuzaliwa nalo na hudhihirika mapema. Mabingwa aghalabu hupita mililita 70 kwa kila kilo ya uzito kwa dakika, na wachache hupita 80, ilhali kijana wa kawaida mwenye siha njema hukaribia 45. Mawili yaliyobaki hukomaa polepole zaidi, kwa maelfu ya saa juu ya tandiko. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 anaweza kuwa na mapafu na moyo wa bingwa, na bado akawa na miguu ya mwanafunzi.

Ndiyo maana ni haki kuuliza mtu ameendesha kwa miaka mingapi kabla ya kuuliza ana miaka mingapi. Primož Roglič wa Slovenia alikuwa mrukaji wa ski kwenye theluji, akaanza mbio za baiskeli akiwa amekwisha kupita miaka 20, na ushindi wake wa kwanza wa Vuelta, mbio kubwa za Uhispania, aliupata mwaka 2019, akikaribia 30. Remco Evenepoel wa Ubelgiji alicheza kandanda katika shule za vijana za Anderlecht na PSV hata mwaka 2017. Mwaka 2018 akatwaa mataji yote mawili ya dunia ya vijana, na mwaka 2019, akiwa na miaka 19, akashinda mbio za San Sebastián mbele ya watu wazima. Arne Güllich na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliokusanya tafiti nyingi za michezo mbalimbali, walikuta kwamba wanamichezo wa daraja la dunia, wakilinganishwa na wale walioishia daraja la taifa, walianza mchezo wao mkuu baadaye, walicheza michezo mingine zaidi utotoni, na mwanzoni walipanda polepole zaidi.

Fauka ya hayo, zana zimebadilika. Merckx alijipima kwa saa na kwa hisia. Kipima-nguvu cha Mjerumani Ulrich Schoberer kilitokea mwaka 1986, na leo kijana wa miaka 16 anajua wati zake kwa kila kilo, ana mwalimu anayezisoma akiwa mbali, na anakula wanga kwa gramu zilizohesabiwa kila saa ya mbio. Paul Seixas wa Ufaransa, aliyezaliwa Septemba 2006, alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mbio dhidi ya saa mwaka 2024, na mwaka 2025 akashinda Tour de l'Avenir, mbio za vijana, kisha akawa wa 3 katika ubingwa wa Ulaya, nyuma ya Tadej Pogačar wa Slovenia na Evenepoel. Kipaji chake sina shaka nacho. Lakini kutangulia kwake kwa umri kunatokana pia na maarifa ambayo zamani yalimfikia mwendesha baiskeli akiwa na miaka 25, au hayakumfikia kabisa.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni kile ambacho watafiti wamekishughulikia sana miaka hii: nguvu inayobaki baada ya mwili kuchoka. Vijana wengi, wakiwa wabichi, hutoa wati zisizotofautiana sana na za mabingwa. Tofauti hujitokeza saa ya 5 ya mbio, au juma la 3. Jahazi jipya hupendeza bandarini, lakini ubora wake hutambulikana kusi ikivuma. Pogačar alidhihirisha wake tarehe 19 Septemba 2020, katika hatua ya 20 ya Tour yake ya kwanza, mbio dhidi ya saa ya kilomita 36.2 iliyoishia juu ya mlima wa La Planche des Belles Filles. Asubuhi alikuwa nyuma ya Roglič kwa sekunde 57. Chini ya mlima alibadili baiskeli, akachukua nyepesi, akapanda. Roglič alifika amepoteza dakika 1 na sekunde 56, na Pogačar, aliyekuwa ajaze miaka 22 baada ya siku mbili, akaongoza kwa sekunde 59. Ushindi wa siku moja wa mwezi Machi hauwezi kukueleza kama kijana ana akiba ya namna hiyo.

Kuna na wale tunaowasahau. Baada ya Merckx, Wabelgiji walimtafuta mrithi kwa uchu, na katika waliobebeshwa jina hilo alikuwemo Fons De Wolf, mshindi wa Giro di Lombardia mwaka 1980 na Milano-Sanremo mwaka 1981. Ukiitazama miaka yake ya mwanzo peke yake, ungesema bingwa amepatikana. Lakini hakushinda Tour hata moja. Sisi huchagua mabingwa kwanza, kisha tukarudi nyuma kuzisoma dalili katika ujana wao, na wale waliokuwa na dalili zilezile wakaishia katikati ya msafara hatuwaingizi katika hesabu.

Kwetu Afrika jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa vijana wetu hukosa mbio kabla ya kukosa nguvu. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1985, alifundishwa na David Kinjah kwenye barabara za nje ya jiji hilo. Mwaka 2010 akagunduliwa ana kichocho, na Tour yake ya kwanza kati ya 4 aliishinda mwaka 2013, akiwa na miaka 28. Biniam Girmay wa Asmara, Eritrea, alipata nafasi katika kituo cha shirikisho la baiskeli la dunia huko Aigle, Uswisi. Mwaka 2022 akashinda Gent-Wevelgem, na mwaka 2024 akatwaa hatua 3 za Tour pamoja na jezi ya kijani ya anayeongoza kwa pointi. Septemba 2025 ubingwa wa dunia uliandaliwa Kigali, mara ya kwanza katika bara hili, na vijana wa Kiafrika wakapanda vilima vilevile pamoja na wenzao wa Ulaya waliolelewa na mbio za kila juma. Atakayeyasoma matokeo yao na aandike kando ya kila jina, kabla ya nafasi aliyoshika, idadi ya siku ambazo kijana huyo amewahi kushindana.