Mkaguzi Apige Hodi, Mwenye Nyumba Afungue

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar hakuna mgeni anayetiliwa shaka kama yule ajaye na daftari mkononi. Apigapo hodi, mwenye nyumba hujiuliza iwapo amekuja kupima ufa wa ukuta au uzito wa mfuko. Shaka hiyo haitokani na ubishi wala na upungufu wa uzalendo. Ina historia yake, na hapana budi tuitazame, kwa kuwa nyumba zetu haziwezi kuokolewa na watu wanaoogopana.

Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja waliyotozwa na wenye ardhi, hali nyumba walizijenga kwa jasho lao wenyewe. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa kuwa mali ya umma, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikaingia mikononi mwa Serikali. Leo katika uchochoro mmoja utaikuta nyumba ya Serikali, ya pili ni ya wakf, na ya tatu ni ya urithi ambao wenyewe wametawanyika, baadhi wakiwa Dar es Salaam na baadhi Muscat. Mthamini huanza kutaabika kumtafuta mlipaji kabla hajafika kwenye kupima nyumba.

Sisi hatusimami upande wa anayetaka kuishi mjini bila ya kuuchangia mji. Taka huzolewa kwa fedha, na mifereji huzibuliwa kwa fedha. Kodi ya majengo ni wajibu wa raia. Swali letu ni moja tu: ihesabiwe juu ya nini?

Mwaka 2021 wenzetu wa Tanzania Bara walichagua njia nyepesi. Kodi ilianza kukatwa katika ununuzi wa umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na shilingi 5,000 kwa kila ghorofa katika nyumba za ghorofa. Njia hiyo haimlazimishi mtu kufungua mlango wake. Lakini haitofautishi ghorofa mpya na ghorofa iliyopasuka, na mpangaji anunuaye umeme ndiye akatwaye kwanza. Hapa visiwani, mwaka 2016 ulianza mradi wa kuchora ramani za Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani. Ramani hizo zina manufaa makubwa katika mipango ya ardhi. Hata hivyo, ndege huona bati, haioni boriti.

Na siri ya nyumba za Mji Mkongwe imo katika boriti. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, maji huteremka ndani ya ukuta, chokaa hulegea, na ncha za boriti zilizochomekwa humo huoza. Anayepaka saruji juu ya ufa huufungia unyevu ndani. Nyumba yake hung'aa kwa nje, huku ndani ikiliwa kidogo kidogo.

Hapo ndipo penye hatari ya dhulma. Kodi ikihesabiwa kwa thamani ya jengo peke yake, mwenye nyumba aliyeomba kibali, akanunua chokaa na kubadilisha boriti, thamani ya nyumba yake hupanda, na kodi hupanda pamoja nayo. Jirani yake aliyeiacha nyumba kwa popo na mvua hupunguziwa. Kodi ya namna hiyo humwadhibu mjenzi na kumtunza mzembe.

Tusidhani kwamba haya ni maneno ya barazani. Beit-el-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Lilikuwa jengo mashuhuri kuliko yote katika mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ikiwa hilo limeanguka, itakuwaje nyumba ya mjane iliyo uchochoroni?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne. Kwanza, ukaguzi utangazwe mapema, sheha awepo, na mkaguzi aoneshe kitambulisho chake. Dini na mila zetu zimetufunza kutaka idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu, na sare ya kazi haiondoi adabu hiyo. Pili, thamani ya nyumba na maradhi yake viandikwe katika karatasi moja, na mwenyewe apewe nakala. Tatu, gharama za matengenezo yaliyopata kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, chombo kilichoundwa mwaka 1985, zipunguzwe katika kodi ya nyumba hiyo. Nne, asiyeridhika na hesabu awe na mahali pa karibu pa kupeleka rufaa yake, na ajibiwe kwa maandishi.

Nyumba za Serikali na za wakf nazo zikaguliwe kwa kipimo hicho hicho. Raia hawezi kuambiwa azibe paa lake akiwa anatazama paa la umma likivuja ng'ambo ya pili ya njia.

Nao wenye nyumba wana lao la kutimiza. Aongezaye ghorofa kwa siri, au aufichaye ufa kwa rangi, anahatarisha roho za wapita njia na watoto wa chuoni. Ukuta unapoanguka hauulizi hati ni ya nani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wako wananchi wengi walio tayari kuuziba. Tunachoomba ni kwamba wasitozwe kwa sababu wameuziba.