Kusherehekea Usomaji Katika Shule ya Msingi: Mbinu Chache Zisizo na Gharama Kubwa

Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi. Mazoea ya kusoma nayo hujengwa utotoni, kabla mtoto hajaanza kuamini kwamba kitabu ni mzigo wa mtihani. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi shule ya msingi inavyoweza kuandaa siku ya kusherehekea usomaji wa Kiswahili, hasa hapa Uganda, ambako wengi wa wanafunzi wetu huenda kufanya mazoezi ya ufundishaji.

Kwa nini tusherehekee?

Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hizo ni hatua kubwa. Hata hivyo, sheria haimfanyi mtoto aipende lugha. Watoto wengi hawakikuti Kiswahili nyumbani, na baadhi wamewasikia wazee wao wakikihusisha na amri za askari. Iwapo mtoto huyo atakutana na Kiswahili kilichoandikwa kwa mara ya kwanza katika karatasi ya maswali, tutakuwa tumeithibitisha hofu ya wazee. Sherehe ni nafasi ya kumwonyesha kuwa lugha hii ina hadithi, vichekesho na vitendawili vyake.

Siku zinazofaa zipo. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na kwa kawaida huangukia katika muhula wa pili. Tarehe 23 Aprili ni Siku ya Vitabu Duniani, na tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Mwalimu achague moja na kuiandaa mapema.

Kipimo cha sherehe

Sherehe nyingi tulizohudhuria zina sura moja. Wageni hukalishwa kivulini, kwaya huimba, hotuba hufuatana, na watoto hukaa juani hadi mchana. Wanarudi nyumbani bila kufungua kitabu hata kimoja, kwa kuwa vitabu vimefungiwa kabatini visije vikachafuka. Sisi tunapendekeza kipimo kimoja tu: je, kila mtoto ameshika maandishi mkononi kwa dakika ngapi?

Uchache wa vitabu usitukatishe tamaa. Tuchukulie darasa lina watoto 60 na vitabu 12 tu. Tunagawa makundi 12 ya watoto watano watano, kila kundi na kitabu kimoja. Msomaji hubadilika kila ukurasa. Baada ya dakika 15 kengele inalia na vitabu vinahamia kundi linalofuata. Kwa saa moja, kila mtoto atakuwa amekutana na vitabu vinne.

Mbinu zenyewe

1. Hema la kusoma. Hema si lazima likodiwe. Turubai lililofungwa kwenye miti, au kivuli cha mwembe, kinatosha. Tandika mikeka, funga kamba kati ya matawi, kisha ning'iniza vitabu vyepesi na kurasa za hadithi kwa vibanio vya nguo. Mtoto ajichagulie anachotaka. Uhuru huo wa kuchagua ndio utakaomtofautishia siku hii na siku nyingine za darasani.

2. Mkubwa amsomee mdogo. Mwanafunzi wa darasa la sita apewe mwenzake wa darasa la kwanza. Wapewe hadithi fupi yenye picha, na yule mkubwa afanye mazoezi siku mbili kabla. Hata mtoto anayesoma kwa shida hupata heshima mbele ya msikilizaji mdogo asiyemcheka.

3. Gwaride la wahusika. Watoto wavae kama Sungura, Fisi, Kobe au Abunuwasi. Maboksi, magunia na majani makavu ya migomba yanatosha kutengeneza masikio na mikia. Mtoto wa Buganda tayari anawajua Wakayima na Wanjovu kutoka kwa bibi yake. Hapa atagundua kwamba Wakayima ndiye Sungura na Wanjovu ndiye Tembo. Sharti ni moja: kila mhusika asome sentensi mbili au tatu zinazomhusu.

4. Vitendawili kwa zamu. Katika Kiganda mtegaji husema "Koyi koyi!" na wasikilizaji hujibu "Lya!" Katika Kiswahili tunasema "Kitendawili!" na kujibu "Tega!" Mchezo ni ule ule. Andika vitendawili kwenye kadi na majibu kwenye kadi nyingine, kisha watoto watafutane uwanjani hadi kila kitendawili kipate jibu lake.

5. Msako wa maneno. Waombe watoto waje na pakiti tupu za chumvi, sabuni au majani ya chai. Bidhaa nyingi zitokazo Kenya zina maandishi ya Kiswahili. Wayakate, wayasome na kuyabandika kwenye karatasi ya manila. Kando yake wabandike maneno ya Kiganda yanayofanana na ya Kiswahili: ekitabo na kitabu, essaawa na saa, ekkalaamu na kalamu, emmeeza na meza. Lenye mafunzo zaidi ni okusoma. Shule kwa Kiganda ni essomero, na Wakristo wa mwanzo wa Buganda katika karne ya 19 waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Mtoto akiona hayo ataelewa kwamba Kiswahili si mgeni kabisa katika kinywa chake.

6. Kitabu cha darasa. Kila mtoto aandike na kuchora ukurasa mmoja: hadithi aliyoisikia nyumbani, methali, au maelezo ya mnyama ampendaye. Kurasa zishonwe kwa sindano na uzi, jalada liwe la boksi, na majina ya waandishi yaandikwe juu yake. Mwisho wa siku shule ina kitabu kipya ambacho haikukinunua.

Mambo ya kuepuka

Kwanza, tuepuke mashindano ya kasi. Hushinda wale wale kila mwaka, na waliobaki hujifunza kwamba kusoma ni aibu. Kama zawadi zipo, ziwe za kundi zima.

Pili, tusimkatize mtoto kwa ajili ya matamshi. Katika Kiganda sauti /l/ na /r/ hutegemea irabu inayotangulia: [r] hutokea baada ya /e/ na /i/, na [l] kwingineko. Hivyo mtoto akisoma "kura" kama "kula", anafuata kanuni za lugha yake ya kwanza. Kosa hilo linafaa kushughulikiwa darasani siku nyingine, wala si mbele ya wazazi.

Tatu, wazazi wasiojua kusoma wasiachwe pembeni. Bibi asimulie hadithi kwa lugha yake, mwanafunzi wa darasa la saba aitafsiri, na mwalimu aiandike ubaoni kwa Kiswahili ili wote waisome pamoja.

Baada ya sherehe

Sherehe isiyo na kesho ni moto wa mabua. Mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa, kwa sababu wasomaji wake walikuwa mbali na barabara. Funzo kwetu ni kwamba kitabu kimfuate msomaji. Sanduku la mbao linalozungushwa darasa hadi darasa kila Ijumaa, chini ya wanafunzi wawili wenye daftari la kuazima, linaweza kufanya kazi hiyo. Palipo na intaneti, mradi wa African Storybook, ulioanzishwa mwaka 2014, una hadithi nyingi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, na mwalimu anaruhusiwa kuzichapa bila malipo.

Tunawahimiza wanafunzi wetu watakaokwenda mazoezini muhula ujao wachague mbinu mbili tu kati ya hizi na kuzijaribu vizuri. Mazungumzo na mwalimu mkuu yaanze na ombi dogo: kabati la vitabu lifunguliwe.