Mbona aliyekuja nyuma yako anaitwa kwanza?

NI Jumamosi, saa tano usiku. Umeketi kwenye benchi la kitengo cha dharura, kifundo cha mguu kimefura baada ya kuanguka na bodaboda. Umengoja karibu saa mbili. Mara anaingia jamaa akitembea mwenyewe, hana hata tone la damu. Nesi anampima, kisha anampitisha ndani moja kwa moja.

Unawaka. Huyu ni mtu wa nani hapa?

Tulia. Huenda hajuani na yeyote. Huenda amesema tu kwamba kifua kinambana na maumivu yanashuka mkononi. Foleni ya benki hufuata aliyetangulia kufika. Foleni ya dharura humfuata anayeweza kufa kwanza.

Mfumo mmoja unaofahamika sana barani Afrika ulibuniwa Cape Town, Afrika Kusini, mwaka wa 2004. Nesi huhesabu pumzi na mapigo ya moyo, hupima presha na joto, kisha huangalia kama unatembea, kama una fahamu na kama umejeruhiwa. Kila kipimo kina alama zake, na jumla yake pamoja na dalili ulizo nazo hukupa rangi.

Nyekundu ni kushughulikiwa papo hapo: mtu hapati hewa, au degedege halijakatika. Rangi ya chungwa ni ndani ya dakika 10, na maumivu ya kifua huwa hapa. Manjano ni ndani ya saa moja. Kijani inaweza kungoja hadi saa nne.

Mbona wasihudumie watu wote haraka? Kwa sababu zamu ya usiku inaweza kuwa na daktari mmoja na kitanda kimoja chenye oksijeni. Ukipewa wewe wa kifundo, wa kifua anakikosa. Wewe utaumia zaidi kidogo. Yeye huenda asione asubuhi.

Na usidhani kupiga kelele kutakusogeza mbele. Anayepiga mayowe angalau ana pumzi. Manesi humwogopea zaidi aliyenyamaza ghafla kwenye kona.

Lakini rangi si hukumu ya mwisho. Mtu wa kijani anaweza kugeuka mwekundu akiwa palepale kwenye benchi, na nesi mwenye wagonjwa 40 huenda asione. Hapo ndipo kazi yako inaanza. Ukipimwa, sema ukweli wote: dawa ulizomeza, pombe uliyokunywa, mimba kama ipo. Ukianza kuhema, kuona kizunguzungu au kutapika damu, usiendelee kungoja kwa adabu. Inuka, au mtume mwenzako, aseme: "Hali imebadilika, tafadhali mpimeni tena."

Kuna kitu kingine cha kujua. Uzito wa mfuko wako si kipimo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaweka faini ya hadi Sh3 milioni kwa hospitali yenye uwezo inayokataa kuyatoa. Ukiambiwa "lipa kwanza" na mwenzako hapumui vizuri, taja sheria hiyo.

Kwa hivyo ukimwona jamaa anapitishwa mbele yako usiku huo, mpishe. Kuambiwa ungoje ni habari njema: waliokupima hawajaona dalili ya kukupoteza.