Je, Wajua? Kifaa Kinapolala, Mlinzi Wake Hulala Saa Ngapi?

Je, wajua kwamba miji ya Beni na Butembo, mashariki ya Kongo, iko karibu sana na ikweta, hivi kwamba usiku wa huko ni wa karibu saa 12 mwaka mzima? Kifaa kinachoishi kwa paneli ya jua na betri hulazimika kulala muda huo wote ili chaji ifike asubuhi. Ndani yake, mara nyingi, kuna mlinzi ambaye hajaambiwa kwamba ni usiku.

Je, wajua mlinzi huyo ni nani? Ni saa ndogo ndani ya chipu. Mafundi humwita mbwa mlinzi. Mara nyingi huhesabu kwenda sifuri. Programu iliyo hai humrudisha mwanzo kila mara, kwa lugha ya mafundi “humlisha”. Programu ikikwama na kuacha kumlisha, hesabu inaisha na kifaa kizima kinaanzishwa upya, bila kuuliza mtu. Taabu ni kwamba kwake aliyekwama na aliyelala ni mamoja. Wote wako kimya.

Je, wajua uvumilivu wake una mpaka gani? ATmega328P, chipu ya Arduino Uno: sekunde 8. Raspberry Pi: kama 15. STM32F103, iliyojaa kwenye vifaa vya bei nafuu: kama 26. Chipu za familia ya i.MX6: sekunde 128. Usiku wa Butembo una zaidi ya sekunde 42,000. Wa ajabu ni mlinzi wa chipu ya nRF52, ambaye hesabu yake yaweza kufika saa 36, yaani usiku, mchana na usiku mwingine.

Je, wajua kwamba mlinzi wa STM32 akishawashwa, programu haina namna ya kumzima? Ni makusudi. Programu iliyoharibika isipate njia ya kumfunga mdomo anayeichunga. Uamuzi mzuri, mpaka jua linapozama na kifaa kinataka kulala. Ndiyo maana familia mpya zaidi, kama STM32L4, zina mpangilio wa kumgandisha usingizini, na nRF52 nayo ina swichi yake ya kusimamisha hesabu kichakataji kinapolala. Swichi hizo hazijibonyezi. Lazima mtu azikumbuke kabla kifaa hakijatoka kiwandani.

Je, wajua kwamba mfumo endeshi wa Linux, unapojiandaa kulala, hugandisha kwanza programu za kawaida, ikiwemo ile inayomlisha mbwa? Mwenye bakuli analala wa kwanza, mbwa yuko macho. Kwa hiyo kazi inahamia kwa draiva, yaani sehemu ya Linux inayomsimamia mlinzi. Draiva ya i.MX hufanya ujanja wa kueleweka: kabla ya kulala humlisha mara ya mwisho na kumpandisha hadi sekunde zake zote 128. Kama mtengenezaji hakuwasha alama ya kumsimamisha usingizini, dakika mbili na sekunde nane baadaye kifaa kinaanza upya, kinalala, kinaanza tena. Kufikia asubuhi betri imekauka, na lawama yote anabebeshwa aliyeuza betri. Mwaka 2021 kiini cha Linux kiliongezewa njia ya pamoja ya kusitisha ulishaji wakati wa kulala na kuurudisha baada ya kuamka. Kabla ya hapo kila draiva ilijitegemea.

Je, wajua kuna wanaosema “mzime tu”? Siwaungi mkono. Nyakati za hatari kuliko zote ni mbili: kuingia usingizini na kutoka, maana ndipo umeme wa sehemu mbalimbali unakatwa na kurudishwa mmoja mmoja. Mlinzi alale wa mwisho, aamke wa kwanza. Na programu iliyopotoka isipozuiwa, hasara ni kubwa: Mei 1994 chombo cha anga cha Marekani, Clementine, kilipata hitilafu ya programu, injini zake ndogo zikawaka hadi mafuta yakaisha, na safari ya kwenda kwenye asteroidi Geographos ikafia hapo.

Je, wajua mlinzi hula umeme? ATmega328P ikiwa usingizi mzito kwa volti 3 hutumia kama mikroampea 0.1, mlinzi akiwa macho, 4.2. Mara arobaini na zaidi! Hata hivyo bado ni kidogo mno, na chipu hiyo hiyo huweza kumtumia mlinzi kama kengele ya kuiamsha. Kila sekunde 8, zaidi ya mara 5,300 kwa usiku mmoja.

Je, wajua kwa nini hili si mchezo wa mafundi? Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola ilipoua watu 2,287 katika mashariki ya Kongo, Beni na Butembo zikiwa katikati ya janga, chanjo iliyotumika zaidi ilitunzwa kati ya nyuzi -60 na -80 za Selsiasi. Chanjo za kawaida zinataka +2 hadi +8, na virekodi joto vya siku 30 hulia joto likizidi +8 kwa saa 10 mfululizo. Kifaa cha namna hiyo hulala karibu muda wote, huamka, hupima, hulala tena. Kikigandia usingizini, hakuna anayehesabu hizo saa 10. Kikianzishwa upya bila kuhifadhi hesabu, zinaanza sifuri, na friji iliyochemka usiku kucha inaonekana salama.

Je, wajua ATmega328P ikishaanzishwa upya na mlinzi, mlinzi hubaki macho kwa muda wake mfupi kuliko yote, milisekunde kama 16? Programu isipomshughulikia mara moja, kifaa kinazunguka papo hapo bila kuamka kamwe.

Fundi aliyeletewa kifaa kinachojizima usiku tu, akilaze mezani na ahesabu. Kikianza upya kila baada ya sekunde 8, 26 au 128 sawasawa, aiache betri mahali pake. Aulize kwanza nani alisahau swichi.