Wiki za Mwisho za Mimba ya Kwanza

Mimba ya kwanza inapofikisha miezi minane, nyumba hujaa mashauri. Bibi ana lake, shangazi ana lake, na jirani aliyezaa watoto sita naye hakosi neno. Mengi ni ya busara. Lakini lipo shauri moja ambalo sisi wauguzi hulisikia tukasikitika: "Kliniki umekwenda vya kutosha, sasa subiri uchungu tu."

Huu ndio wakati wa kwenda mara nyingi zaidi. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8. Nne kati ya hizo ni wiki ya 34, 36, 38 na 40. Nusu nzima ya mahudhurio, basi, iko mwishoni.

Sababu kubwa ni kifafa cha mimba. Ugonjwa huu huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza, na mara nyingi hujitokeza miezi ya mwisho. Hutanguliwa na presha kupanda, na hapo ndipo ulipo ujanja wake, kwa kuwa mwanzoni mama hajisikii mgonjwa. Anapika, anafua, anakwenda sokoni, kumbe presha imefika 140/90 au kupita, na mkojo una protini. Hakuna jicho la mama mkwe, hata liwe kali namna gani, linaloweza kuona hayo. Kipimo ndicho kinachoona. Yakigundulika mapema, zipo dawa za kushusha presha, ipo sindano ya kuzuia degedege, na daktari anaweza kuamua mtoto azaliwe kabla hali haijaharibika.

Mkunga huangalia na mengine. Hupima wekundu wa damu, maana kila anayejifungua hupoteza damu, na aliye chini ya gramu 11 anaingia katika kazi hiyo akiwa na akiba ndogo. Hupima kimo cha tumbo ili kujua kama mtoto anakua. Husikiliza moyo wa mtoto, ambao kwa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Kisha hupapasa tumbo kujua mtoto amelalaje. Ifikapo wiki ya 36, watoto wengi huwa wametanguliza kichwa. Aliyetanguliza matako au aliyelala kukingama, mama yake apangiwe mapema kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji, asije akakimbizwa huko usiku wa manane.

Sasa tuseme juu ya desturi yetu. Wengi wetu hupenda binti aende kujifungulia uzazi wa kwanza kwa mama yake, naye apate uji, maji ya moto na mkono wa kumpokea mtoto. Ni desturi njema. Lakini tumewaona mabinti waliohudhuria vizuri sana mjini, wakafika nyumbani wakiwa na wiki 34 au 35, wasikanyage kliniki tena mpaka uchungu ulipoanza. Wiki za hatari kuliko zote zikapita bila kupimwa. Kwa hiyo, binti akija kwako, kadi ya kliniki ije naye mkobani, isije ndani ya sanduku la chini. Wiki ile ile ya kufika mpeleke zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, waendelee pale wenzao walipoishia.

Na baba mtarajiwa asiachwe nje. Aweke nauli kando, ajue gari litatoka wapi usiku, na ni ndugu yupi yuko tayari kutoa damu ikihitajika.

Pamoja na hayo, zipo dalili zisizosubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke mama hospitali mara moja akipata mojawapo ya hizi:

- kichwa kuuma sana, au macho kuona ukungu na vimulimuli;
- uso na mikono kuvimba ghafla;
- maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu;
- kutokwa na damu, hata kidogo;
- chupa kupasuka, hata kama uchungu haujaanza;
- homa;
- mtoto kupunguza kucheza au kuacha;
- degedege.

Na kama tarehe imepita, msikae mkihesabu miezi kwa vidole. Akifikisha wiki 41 hajapata uchungu, arudi hospitali ashauriwe na daktari.

Akina mama wenzetu, sisi tuliokwisha kuzaa ndio tunaosikilizwa na hawa wanaoanza. Kila siku tunamwuliza binti, "Umekula?" Tumwulize pia, "Kliniki ni lini?" Na siku hiyo ikifika, tumwachie kazi za nyumbani sisi, yeye ashike kadi yake aende.